Namna ya Kuzuru Kaburi la Mfalme wa Nanyue Mjini Guangzhou Usirudi Mikono Mitupu

Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, ya Aprili na ya Oktoba, ndugu zetu wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo huniandikia kuhusu makumbusho ya kaburi la Mfalme wa Nanyue, na malalamiko yao ni yale yale matatu. Mmoja alipelekwa na dereva hadi jengo jingine lenye jina hilo hilo, akaona misingi ya kasri badala ya kaburi. Mwingine alifika langoni jioni ya siku yake ya mwisho, begi begani na pasi ikiwa hotelini, akarudishwa. Wa tatu, ambaye ndiye anayenisikitisha kuliko wote, aliingia hadi ndani ya kaburi, akaona kuta za mawe matupu, akatoka baada ya dakika 5 akiamini kwamba hazina zote ziliibwa zamani.

Hazikuibwa. Kaburi la Zhao Mo, mtawala wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa Uchina, lilikutwa mwaka 1983 likiwa halijaguswa tangu azikwe mwaka 122 K.K. hivi, na vitu vyake viko hatua chache kutoka pale aliposimama ndugu yetu wa tatu. Mwongozo huu unahitaji nusu siku tu, na ukiufuata kwa mpangilio wake utaona kaburi na hazina zake kama kitu kimoja.

Vitu vya kuwa navyo

- Pasi ya kusafiria yenyewe. Picha ya pasi kwenye simu haitoshi, kwa sababu mlinzi hulinganisha namba ya pasi na ile uliyowekea nafasi.
- Simu iliyojaa chaji, yenye programu ya malipo ya WeChat au Alipay iliyounganishwa na kadi yako ya benki, pamoja na yuan chache za taslimu kwa ajili ya dharura.
- Programu ya ramani inayofanya kazi Uchina, kama vile Amap. Ramani za Google hazifunguki huko bila njia za kuzunguka, na nimeona watu wakitembea saa nzima wakifuata mshale uliokwama.
- Programu ya tafsiri inayoweza kusoma maandishi kwa kamera, ikiwa na lugha ya Kichina iliyopakuliwa mapema.
- Karatasi yenye jina na anwani kwa Kichina: 南越王博物院(王墓展区), 解放北路867号. Nakili herufi hizo kama zilivyo, pamoja na zile zilizomo kwenye mabano.
- Karatasi nyingine tupu na penseli. Usiidharau, kwa kuwa mwongozo mzima umejengwa juu ya karatasi hiyo.
- Viatu vya kutembelea. Makumbusho yamejengwa kwenye mteremko wa kilima, na ngazi ni nyingi.

Hatua ya 1: Chagua siku mapema

Usiiwekee ziara hii siku ya kuondoka. Siku hiyo mzigo huwa haujafungwa, wakala anapiga simu, na akili haitulii. Chagua siku ya pili au ya tatu, kabla hujazama viwandani na sokoni.

Epuka Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya Uchina hufungwa. Epuka pia wiki ya sikukuu ya Oktoba 1 na siku za mapumziko ya Mei 1, kwa maana familia za Kichina nazo husafiri, na vyumba vya kaburi ni vidogo mno kwa umati wa namna hiyo. Asubuhi ya katikati ya wiki ndiyo bora.

Tahadhari moja ya saa. Nafasi huandikwa kwa saa za Kichina, kwa mfumo wa saa 24, hivyo 09:00 ni saa 3 asubuhi na 14:00 ni saa 8 mchana. Uchina iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5, na mtu ambaye simu yake bado inasoma saa za Dar es Salaam au Nairobi hukosa nafasi yake akiwa kitandani.

Hatua ya 2: Weka nafasi kwa pasi

Tafuta akaunti rasmi ya makumbusho ndani ya WeChat kwa kubandika yale maneno ya Kichina uliyoyanakili, kisha ufungue sehemu ya tiketi. Kiingilio ni kidogo. Katika ziara zangu nimekuwa nikilipa yuan 10.

Wageni wengi hukwama wanapofika kwenye aina ya kitambulisho. Fomu huanza ikiwa imechagua kitambulisho cha raia wa Uchina, nayo hukataa kila namba unayoandika, hata ukirudia mara kumi. Bonyeza sehemu hiyo ubadilishe hadi uone herufi 护照, yaani pasi ya kusafiria, ndipo uandike namba. Andika jina kwa mfuatano ule ule ulio kwenye pasi, jina la ukoo likiwa mahali pake, bila kufupisha.

Utajua umefaulu ukiona msimbo wa QR wenye tarehe na saa yako. Upige picha ya skrini papo hapo, usije ukakatikiwa na intaneti langoni. Ukishindwa kabisa, fika asubuhi na mapema uende dirishani na pasi mkononi. Kwa siku zisizo na msongamano ndivyo nilivyowasaidia wengi.

Hatua ya 3: Fika kwenye kaburi, si kwenye kasri

Tangu mwaka 2021 makumbusho mawili yameunganishwa chini ya jina moja la Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue. Moja ni eneo la kaburi, lililoko barabara ya Jiefang Kaskazini. Jingine ni eneo la kasri, lililoko barabara ya Zhongshan ya Nne, katikati ya mji. Ukimwambia dereva jina tu bila herufi 王墓, ambazo maana yake ni kaburi la mfalme, ana haki ya kukupeleka popote kati ya hayo mawili. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza niliishia kasrini.

Njia ya uhakika ni treni ya chini ya ardhi. Shuka kituo cha Yuexiu Park kwenye laini namba 2 na utoke kwa mlango E. Ukiwa umefikia Xiaobei, walipo wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, panda laini namba 5 kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, ubadilishe kuingia laini namba 2, kisha kituo kimoja tena. Ukiwa Sanyuanli ni rahisi zaidi, kwani ni vituo viwili tu bila kubadilisha.

Wanaoswali Ijumaa kwenye msikiti wa Xianxian, lilipo kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, hawahitaji treni hata kidogo. Barabara ni ile ile ya Jiefang Kaskazini, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu kuelekea kusini.

Umefika penyewe ukiona jengo la mawe mekundu lililokumbatia kilima, likiwa na sanamu kubwa zilizochongwa ukutani pande zote mbili za mlango. Kilima hicho ni Xianggang, maana yake kilima cha ndovu. Likumbuke jina hilo, utakutana na sababu ya kulifurahia baadaye.

Hatua ya 4: Pita langoni kwa utulivu

Onyesha pasi na msimbo, pitisha begi kwenye mashine, uachane na mizigo mikubwa. Picha zinaruhusiwa bila mwanga wa flashi, hivyo uzime kabisa kabla hujaingia.

Ndani kuna mkusanyiko wa mito ya kulalia iliyotengenezwa kwa kauri, zaidi ya 200, iliyotolewa zawadi na mtoza vitu vya kale wa Hong Kong. Ni mizuri, lakini haihusiani na kaburi, na watu huimaliza nguvu yao ya kutazama hapo. Iache hadi mwisho.

Hatua ya 5: Shuka kaburini na uchore ramani

Kabla ya kushuka, chukua karatasi tupu uchore nyumba ya vyumba 7. Vitatu viko mbele: sebule katikati, chumba kimoja kulia na kimoja kushoto. Vinne viko nyuma: cha mfalme katikati, kimoja kulia kwake, kimoja kushoto kwake, na stoo nyuma kabisa. Kaburi zima lina upana wa takriban mita 12 na urefu wa takriban mita 11, na lilijengwa kwa mawe mekundu ya mchanga ndani ya shimo lililochimbwa kilimani.

Utaingia ukitazama kaskazini, kwa hiyo kulia kwako ni mashariki na kushoto ni magharibi. Inamisha kichwa, dari ni la chini. Pita taratibu, na katika kila chumba andika neno moja kwenye ramani.

Sebuleni andika «rangi». Tazama juu na pembeni: mawe yalichorwa mawingu yanayojipinda kwa rangi nyekundu na nyeusi, na mabaki yake bado yanaonekana ukilipa jicho muda wa kuzoea giza. Ndugu yetu aliyesema kuta ni tupu alipita chini ya michoro hii.

Chumba cha kulia, andika «muziki». Humo zilikuwamo kengele za shaba nyeusi na vyombo vya mvinyo, na mpiga muziki aliyezikwa pamoja na ala zake. Chumba cha kushoto, andika «hazina». Vyombo vya shaba, zana za chuma, hariri, dawa na vitu vilivyotoka mbali vilirundikwa humo hadi pasiwe na pa kukanyaga.

Katikati nyuma, andika «mfalme». Kulia kwake, «wake», kwa kuwa wanawake wake wanne walizikwa humo, kila mmoja na muhuri wa cheo chake. Kushoto kwake, «watumishi»: watu 7. Nyuma kabisa, «chakula»: zaidi ya vyombo 100, vingine vikiwa na mabaki ya samaki, konokono wa baharini, kuku na mifugo.

Ukihesabu pamoja na waliozikwa sebuleni na nje ya mlango, watu 15 waliuawa ili wamfuate bwana wao. Naomba tushuke humo kwa adabu tunayoiweka makaburini kwetu, bila vicheko na bila kupiga picha za kujipamba. Anayekuja na watoto wadogo awaeleze kwanza nje.

Utajua umefaulu katika hatua hii iwapo, ukisimama nje na kufumba macho, unaweza kunyoosha kidole kwenye kila chumba. Usitoke kuelekea ukumbi wa maonyesho kabla ya hapo, kwa sababu ukumbini vitu vimepangwa kwa aina, na ramani yako ndiyo itakayovirudisha nyumbani kwake.

Hatua ya 6: Panda ukumbini uvirudishe vitu vyumbani

Kaburini vilitoka zaidi ya vitu 1,000, na hakuna anayevimaliza vilivyomo ukumbini. Chagua vichache, na kwa kila kimoja andika jina lake ndani ya chumba chake kwenye ramani. Maelezo ya kila kabati la kioo hutaja chumba kilimopatikana kitu. Yapitishie kamera ya tafsiri.

Anza na vazi la jade, ambalo ni la chumba cha mfalme. Ni vipande 2,291 vya jiwe hilo vilivyounganishwa kwa hariri nyekundu, vikimfunika maiti kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kwa imani kwamba jade huzuia mwili usioze. Mavazi mengine ya aina hii yaliyopatikana Uchina yalishonwa kwa nyuzi za dhahabu, fedha au shaba. Wengi hulipiga picha lote kwa pamoja wakaondoka. Wewe sogea kwenye mikono na miguu: kila kipande kina matundu madogo pembeni, na uzi umepita ndani yake kama mshono wa mkeka. Kisha hamia kifuani. Huko vipande vimefungwa kwa utepe wa hariri uliobandikwa juu kwa kukingamana, na vingi ni mabaki ya jade iliyokwisha kutumika kwa kazi nyingine. Fundi aliweka ustadi wake wote kichwani, mikononi na miguuni, akabana matumizi mahali palipofunikwa. Fundi cherehani yeyote wa Kariakoo ataielewa hesabu hiyo.

Kitu cha pili ni muhuri wa dhahabu, ambao ni mdogo kiasi kwamba watu huupita. Kila upande ni takriban sentimita 3, na juu yake joka limejikunja kuwa kishikio. Maandishi yake husomeka «Wen Di Xing Xi», yaani muhuri wa utawala wa Kaizari Wen. Watawala wa Han, dola kubwa ya Uchina iliyokuwa kaskazini, walimtambua Zhao Mo kuwa mfalme wa chini yao. Nyumbani kwake alijiita Kaizari Wen, na dhahabu hii ndiyo ushahidi. Chunguza mgongo wa joka uone palivyolainika. Muhuri huo ulishikwa na mkono wa mtu aliye hai kabla ya kuzikwa.

Kwa chumba cha muziki, tafuta seti ya kengele 8 zenye maandishi kwamba zilitengenezwa katika mwaka wa 9 wa Kaizari Wen, sawa na mwaka 129 K.K. Kuzitazama hakuhitaji maelezo marefu. Ukubwa wake hupungua moja baada ya nyingine, na unaweza kuisikia sauti ikipanda.

Sasa nenda kwenye chumba kilichoandikwa «hazina», na usiwe na haraka. Walioingia kwanza humo walikuta pembe 5 za ndovu zimelazwa pamoja, iliyo ndefu ikipita sentimita 120. Zimeliwa na unyevu wa zaidi ya miaka 2,000 hadi zinafanana na gome la mti mkavu, na ndiyo maana wageni huzidhania kuni. Wataalamu waliozichunguza walisema umbo lake ni la ndovu wa Afrika kuliko wa Asia. Kwenye chumba hicho hicho lilikutwa kasha lenye utomvu mkavu uliotambuliwa kuwa ubani, bidhaa ya Dhofar ya Omani na pwani ya Wasomali. Tena, miguuni pa mfalme, kulikuwa na kopo la fedha lenye nakshi za mtindo wa Uajemi, likiwa na vidonge vya dawa ndani yake. Sisi tunaopanda ndege na orodha ya bidhaa tumezoea kujiona wa kwanza kufika Guangzhou. Simameni nami mbele ya pembe hizo. Mimi kila ninaporudi hapo hunijia harufu ya chetezo.

Tahadhari ya lazima: yeyote atakayekuuzia bangili au kinyago cha pembe za ndovu mjini, mkatae. Uchina ilifunga biashara ya pembe za ndovu ndani ya nchi ilipofika mwisho wa mwaka 2017, na kukamatwa nayo uwanja wa ndege ni kesi nzito. Duka la makumbusho lina nakala za muhuri na mapambo ya jade ya kuigiza. Hizo ni zawadi salama, ila tunza risiti.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila chumba kwenye karatasi yako kina angalau kitu kimoja ulichokiona kwa macho. Ikiwa stoo ya chakula bado ni tupu, tafuta vyungu na majiko ya kuchomea nyama, na mishikaki yake ipo pia.

Hatua ya 7: Rudi kaburini mara ya pili

Wengi hutoka nje kutoka ukumbini moja kwa moja. Maadamu hujavuka lango la kutokea, rudi ukashuke tena, safari hii ukiwa na ramani iliyojaa. Dakika 10 zinatosha.

Simama sebuleni uangalie kushoto. Chumba ulichokiona kitupu asubuhi sasa kina pembe 5 chini, kasha la ubani, na vyombo vilivyorundikana. Kulia kuna kengele zilizopangwa kwa ukubwa, na mbele yako, nyuma ya mlango wa jiwe, analala mtu aliyevaa vipande 2,291 na muhuri wa dhahabu kifuani. Ukiweza kumweleza mwenzako haya kwa sauti ya chini bila kutazama karatasi, ziara imekamilika.

Ukitoka kabla ya saa 9 alasiri, bado una muda wa kwenda kwenye lile jengo lililowapotosha wengi. Panda laini namba 2 vituo viwili hadi Gongyuanqian, uulize eneo la kasri, 王宫. Huko utaona mfereji wa mawe uliokuwa ukipita bustanini mwa ukoo huo wa Zhao, ukijipinda kwa takriban mita 150, na ndani yake wachimbaji walikuta magamba ya kasa. Weka nafasi yake kando, kwa pasi ile ile, kabla hujatoka hotelini.